Barua Iliyoandikwa kwa Sikio

Mafuta ya cherehani yana harufu yake peke yake. Si harufu ya kitu cha kula, wala cha kupaka mwilini, wala cha kuwashia taa. Juzi nilikuwa nikipita mbele ya kibanda cha fundi wa mtaa wetu, kikapu cha mboga mkononi, naye alikuwa amefungua cherehani yake anaitia mafuta tone moja moja. Harufu ile iliponijia nilisimama pale pale katikati ya njia, mama mzima mwenye wajukuu, hata mwendesha pikipiki mmoja akanipigia honi na kunitukana kidogo. Nilikuwa Kasongo, mji wa utoto wangu, kwenye baraza ya Mama Eliza, nina miaka kumi na mmoja, nimeketi juu ya kiti ambacho miguu yangu haifiki chini, na mbele yangu kimetandazwa kitambaa cheusi kilichoandikwa kwa chaki.

Ninyi mnaonisoma, nitawaeleza polepole, maana hata mawingu ya Kasongo siku zile hayakuwa na haraka. Yalikuja kutoka upande wa mto, yakakaa juu ya michikichi kama watu waliosahau walikokuwa wakienda.

Ilikuwa enzi ya Wabelgiji, miaka yao ya mwisho mwisho, ingawa sisi watoto hatukujua kwamba ni ya mwisho. Nyumba yetu ilikuwa katika mtaa wa Waislamu, nyumba ya udongo yenye baraza pana iliyopakwa chokaa kila Idi. Baba alikuwa mtu wa Kabambare, kama Mama, na kila msimu wa pamba ulipofika alirudi kule kwa ndugu zake, kwa sababu pamba ya serikali haikuwa jambo la hiari, akakaa huko mpaka yote ipimwe. Mama alibaki na mpunga wake, na mimi. Zamani kidogo alikuwa akibaki na mimi na kaka zangu wawili, Ramazani na Saidi, lakini hao walikuwa wameondoka. Walianza kwa kwenda Katanga kutafuta kazi, kisha tukasikia kwa madereva kwamba wamevuka mpaka bila karatasi, wako Rodezia kwa Waingereza, wanachimba shaba chini ya ardhi. Tangu siku hiyo majina yao hayakutajwa nyumbani kwetu mbele ya mtu yeyote wa ofisi.

Mimi nilikuwa nimesoma miaka mitatu kwa masista. Nikajua kusoma Kiswahili, nikajua salamu za Kifaransa na wimbo mmoja wa Kifaransa ambao hadi leo sijui unasema nini, kisha masomo yangu yakakoma kwa sababu ambazo watoto wa kike wa wakati ule wanazijua bila kuelezwa. Mama akanipeleka kwa Mama Eliza nijifunze kushona.

Mama Eliza hakuwa mtu wa kwetu. Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Tabora, akalelewa na wamisionari wa Kiingereza baada ya wazazi wake kufa, kisha akaolewa na dereva wa lori wa Kasongo aliyemvusha Tanganyika pamoja na cherehani yake ya mkono. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye vidole vilivyojaa alama za sindano, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa kusahihisha. Sisi wa Kasongo tulisema mutoto iko, watoto iko, chungu iko, mvua iko. Iko moja ilitutosha kwa dunia nzima. Mama Eliza aliposikia hivyo aliondoa pini mdomoni.

"Mtoto yuko," alisema. "Watoto wako. Chungu kipo. Mvua ipo."

Kisha alirudisha pini mdomoni na kuendelea kushona. Wateja walicheka sana. Nadhani wengine walileta nguo zisizochanika ili tu wamsikie.

Kiingereza kilianza kwa bahati. Alikuwa na tabia ya kuzungumza na cherehani yake kwa lugha hiyo, hasa uzi unapokatika, nami siku moja nikamwuliza anaiambia nini. Akaniangalia kwa muda mrefu. Nafikiri hakuna mtu aliyewahi kumwuliza tangu alipovuka ziwa. Akachukua chaki ya kukatia nguo, ile bapa nyembamba kama kipande cha sabuni kilichokwisha, akanyoosha mezani kitambaa cheusi kilicholetwa na karani mmoja ashonewe suruali, akaandika mistari miwili. "The girl sews." "The girls sew."

"Msichana anashona, wasichana wanashona," alisema. "Tazama hii herufi iliyojikunja kama uzi uliolegea. Katika mstari wa kwanza iko wapi?"

Nikaweka kidole mwishoni mwa kitendo.

"Na wa pili?"

Nikaweka kidole kwenye jina.

"Sawasawa. Iko moja tu, na wanagombania. Wasichana wakiwa wengi wanaichukua wao, kitendo kinabaki bila kitu. Msichana akiwa peke yake hana haja nayo, anakipa kitendo. Usiwape wote wawili, wala usiwanyime wote wawili."

Jambo hili lilinifurahisha kuliko ninavyoweza kuwaeleza. Nililala nalo. Niliwaona wasichana wengi wamesimama upande mmoja wameshika ile herufi, na upande wa pili msichana mmoja mwenye roho nzuri anaitoa. Baadaye zikaja nyingine zisizofuata mkondo huo, "is" ya mmoja na "are" ya wengi, "was" ya mmoja na "were" ya wengi, nazo nikazimeza kama mtoto anavyomeza kokwa, bila kutafuna.

Kisha yakaja maneno yanayofanana sauti. Aliandika matatu, moja chini ya jingine: "sew", "sow", "so". Moja ni kushona, akasema, la pili ni kupanda mbegu, la tatu ni basi, au kwa hiyo. Akayasoma yote, nami nikasikia neno lile lile mara tatu. Nikamwambia hata sisi tuna kaa la moto, na kaa wa mtoni, na kaa kwenye kiti. Alifurahi mpaka akapiga mguu chini.

"Lakini sisi kaa zetu tunaziandika namna moja," alisema. "Waingereza wanayavalisha maneno yao nguo mbalimbali, ili jicho liyatambue. Ukiandika kwa sikio peke yake utaharibu."

Niliharibu siku hiyo hiyo. Aliniambia niandike habari za mwanawe mdogo, nami badala ya kuandika kwamba Mama Eliza ana mwana mzuri, nikaandika kwamba Mama Eliza ana jua zuri, kwa sababu mwana na jua kwa Waingereza, "son" na "sun", yanasikika sawa. Mama Eliza alicheka mpaka uzi ukakatika. Yule mtoto, aliyekuwa na miaka minne na makamasi ya daima, akaitwa Jua tangu siku hiyo, na ameitwa hivyo mpaka akawa mzee mwenye mvi.

Jioni alichukua brashi na kukifuta kitambaa. Wiki iliyofuata nilimwona yule karani akienda ofisini, suruali imepigwa pasi vizuri, mwendo wa madaha, naye hajui kwamba makalio yake yalikuwa yamebeba somo langu.

Kiingereza Kasongo hakikuwa na kazi yoyote. Wakubwa walisema Kifaransa, mapadri walisema Kiswahili na Kifaransa, na wafanyabiashara walisema chochote kilichouza. Mama alipoulizwa mwanawe anajifunza nini alijibu, kushona. Hayo mengine aliyaona kama mchezo wa watoto, kama kuruka kamba.

Halafu kiangazi cha mwaka ule, Baba akiwa Kabambare kwenye pamba, dereva mmoja aliyetoka Kongolo alisimama mbele ya baraza yetu, akaomba maji, akanywa, akafuta mdomo, akasema amesikia huko Rodezia mwamba umeanguka ndani ya shimo la shaba, mahali wanapofanya kazi watu wa kwetu Maniema. Nani amekufa, hakujua. Wangapi, hakujua. Alishukuru kwa maji, akaondoka.

Mama hakulia. Alichofanya ni kupika. Kila siku alipika wali mwingi kuliko tunavyoweza kula, akaupakua, akautazama, kisha akaugawa kwa majirani. Mimi nilikuwa nikirudi kutoka kwa Mama Eliza na kukuta sahani nne zimepangwa mkekani, na sisi tuko wawili.

Barua ilifika asubuhi mapema, imeletwa na dereva mwingine, imekunjwa mara nyingi, ina stempu yenye kichwa cha Malkia wa Waingereza. Mama alikuwa uani anapepeta mpunga. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku. Hakujua kusoma, lakini alijua herufi za kwetu zinavyokaa, na hizi zilikaa vingine.

"Zaina," aliniita. "Hii ni lugha ya nani?"

Nikatazama. "Ni ya Mama Eliza."

Na Mama Eliza hakuwepo. Alikuwa ameondoka siku tatu zilizopita kwenda kwa mama mkwe wake kuvuna mpunga, kijiji kimoja kwenye njia ya Nyangwe. Misheni kulikuwa na watu ambao labda wangeweza kuisoma, lakini kumpelekea mzungu barua ya vijana waliovuka mpaka bila karatasi ni kuwapeleka vijana wenyewe. Mama alinisukumia kigoda.

"Soma, mwanangu."

Iliandikwa na karani, mtu wa Nyasa, rafiki wa kaka zangu, ambaye bila shaka hakujua Kiswahili cha kuandika, nao hawakujua kuandika lugha yoyote. Ilikuwa fupi. Nimeikariri mpaka leo: "Dear Mother. I writes for Ramazani and Saidi. The stones has fall in the mine. Your sons is hole. They was week, now eats good. They greets you."

Nilisoma kwa kidole, neno baada ya neno, nikigeuza kila moja kwa Kiswahili. Mama mpendwa. Naandika kwa niaba ya Ramazani na Saidi. Mawe yameanguka mgodini. Hapo nikafika kwenye mstari wa nne, na kidole changu kikasimama. Neno lile la mwisho nililijua kuliko maneno yote ya Kiingereza, kwa sababu kila siku tulikuwa tukikata matundu ya vifungo, na Mama Eliza alikuwa amenifundisha kwamba "hole" ni tundu, na likiwa kubwa ni shimo.

Wana wako ni shimo.

Nikaruka. Nikaenda moja kwa moja mwishoni, nikasema kwa sauti ya furaha ambayo hata mimi niliisikia kuwa mbovu, "Wanakusalimia, Mama."

Mama akanyoosha mkono wake wenye pumba za mpunga, akaweka kidole juu ya karatasi, mahali pale pale.

"Hii mustari umeruka. Inasema nini?"

"Sijue, Mama."

"Unajua. Nimeona macho yako."

Nikamwambia. Nilisema kwa sauti ndogo, nikitazama kuku waliokuwa wakidonoa pumba. Mama hakupiga kelele. Alichukua ungo, akamwaga mpunga uliobaki ndani ya kapu, akaugonga ungo mara mbili kwa kiganja ili punje zote zitoke, akausimamisha ukutani mahali pake pa kila siku. Ndipo akauliza.

"Mumoja ao wote wawili?"

Ninyi mnaonisoma, nimeulizwa maswali mengi maishani mwangu, na polisi, na madaktari, na watu wa uchaguzi. Sijaulizwa swali zito kama lile. Niliinama juu ya karatasi mpaka pua yangu ikaigusa. Jina lilikuwa na ile herufi iliyojikunja, "sons", kwa hiyo ni wawili. Lakini kitendo kilichofuata kilikuwa "is", na hiyo ni ya mtu mmoja. Nikaenda mstari wa tano. "They", wao, wengi. Na baada yake "was", ya mmoja, na "eats", herufi ikiwa mahali inapokaa kwa mtu mmoja. Kila mahali majina yalisema wawili, na kila mahali vitendo vilisema mmoja. Nikaona mwana mmoja shimoni na mmoja anakula wali. Nikaona wote wawili shimoni. Nikaona wote wawili wanakula.

"Jina linasema wawili," nilisema, "lakini kitendo kinasema mumoja."

"Karatasi gani inasema maneno mawili?"

Nikaanza kulia. Mama alinifuta uso kwa upindo wa kanga yake, kwa nguvu, kama anavyofuta chungu.

"Nyamaza. Sitalia kitu yenye sijue, na wewe pia hutalia. Mama Eliza iko wapi?"

Tulitoka muda ule ule. Mama alivaa kanga zake nzuri, akafunga mlango, akaitia barua kifuani. Jirani alituuliza kutoka barazani kwake barua inasema nini. Mama akajibu, "Inasema salamu," na akatabasamu, nami niliyemshika mkono nilihisi mkono wake ni baridi kama wa mtu aliyetoka mtoni.

Ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu. Ukungu ulikuwa bado haujainuka. Njia ilikuwa nyekundu na laini, ikapita katikati ya mashamba ya mpunga uliokwisha kuwa wa manjano, na ndani ya ukungu tulisikia watoto wakipiga madebe kufukuza ndege, lakini watoto wenyewe hatukuwaona. Watu walitokea mbele yetu bila miguu, wakatusalimia, wakapotea nyuma yetu. Michikichi ilidondosha maji. Mpaka leo nikiota naenda mahali ambapo sifiki, naota njia ile.

Mimi nilitaka kukimbia. Nilikuwa nimeamua kwamba tukifika upesi mambo yatakuwa mazuri, na tukichelewa yataharibika, na nilimvuta Mama mkono kama mbuzi anayevutwa sokoni. Mama hakuongeza hatua. Alitembea polepole, polepole sana, mwanamke ambaye siku zote alikuwa akiniacha nyuma tukienda shambani.

"Ile herufi," alisema ghafla. "Ile ya kujikunja. Iko na kazi gani? Nielezee."

Nikaanza kumweleza. Tulikutana na mbuzi mmoja, nikamwambia mbuzi akiwa mmoja kitendo kinachukua herufi, "the goat eats". Mbele kidogo tukakuta wanne wanakula majani ya muhogo wa watu, nikamwambia sasa herufi imehama, "the goats eat". Mama akarudia. Kinywani mwake mbuzi wa Waingereza akawa kitu kingine kabisa, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka, na yeye akacheka kidogo.

"Tena," alisema. "Nyingine."

Nikatoa nyingine, na nyingine. Mwanamke aliyebeba kuni, wanawake waliobeba kuni. Ndege, ndege wengi. Nilipomaliza vya njiani nikaingia kwenye barua yenyewe, nikawa mwalimu, nikaanza kuhesabu makosa ya yule karani kama Mama Eliza alivyohesabu yangu. Nikafika kwenye "they was week".

"Hapa pia amekosea," nilisema. "Ameandika walikuwa juma. Juma la siku saba. Mutu hawezi kuwa juma."

Nikasimama.

"Nini?" Mama aliuliza.

"Mama, alitaka kuandika walikuwa dhaifu. Dhaifu na juma ni sauti moja. Anaandika kwa sikio."

Mama alinitazama. Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka na nilimwona uso wake vizuri kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani. Ulikuwa wa kijivu.

"Na ile ya shimo," alisema. "Iko na ndugu yake mwenye sauti moja?"

Nilitafuta. Niliyapitia maneno yote niliyowahi kuona kwenye kile kitambaa cheusi, moja baada ya jingine. Kushona na kupanda. Mwana na jua. Hapa na sikia, "here" na "hear". Juma na dhaifu. Baada ya hapo hapakuwa na kitu, palikuwa peusi tu.

"Sijue, Mama. Sijafundishwa."

"Basi twende," alisema, na akaendelea kutembea vile vile, polepole.

Mama Eliza tulimkuta katikati ya shamba, sketi imefungwa kiunoni, kisu cha kuvunia mkononi. Alipotuona alijua. Mtu haji mwendo wa saa tatu kwa miguu amevaa kanga za Idi ili kusalimia. Akaja mpaka ukingoni, akafuta vidole kwenye nguo yake, akachukua barua. Akaisoma mara moja. Midomo yake ikatembea. Akaisoma mara ya pili, na katikati akakunja uso kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali.

"Huyu mtu," alisema Mama Eliza, "nani aliyemfundisha kuandika?"

"Dada," Mama alisema. "Niambie shimo."

"Shimo gani?"

Mama akanitazama. Nikanyoosha kidole changu kwenye neno. Mama Eliza akaliangalia, akaniangalia mimi, na hapo akaelewa tumetembea na nini njia nzima. Akachuchumaa. Kwa ncha ya kisu akaandika kwenye tope "hole", kisha kando yake akaandika neno lile lile, akaliongezea herufi ya W mbele. "Whole".

"Hiyo W ya mbele inaandikwa, haisomwi," alisema. "Nilikuwa sijakufundisha, Zaina. Kosa ni langu. Ukiyasikia yote mawili huwezi kuyatofautisha. Hili la kwanza ni tundu. Hili la pili ni zima, kitu kizima, kisichopungua. Wamisionari hulitumia wakisema mgonjwa amepona." Akamgeukia Mama. "Wazima. Anasema wanao ni wazima."

"Mumoja ao wawili?"

"Wawili."

"Zaina anasema kitendo kinasema mumoja."

"Zaina amesema kweli. Kitendo kinasema mmoja, kuanzia juu mpaka chini." Mama Eliza aliinuka, akamshika Mama mabega. "Lakini sikiliza, dada. Vitendo kila mtu anavikosea. Hata mwenyewe anaandika, 'I', mimi, kisha anakipa kitendo herufi ya mtu mwingine. Huyu anaibandika kila mahali, kama mtoto aliyepewa chaki. Ila ameandika wana, halafu ameandika wao, halafu tena wao. Mtu anaweza asijue sarufi. Watu wawili waliokaa mbele yake wakimwambia la kuandika, hao hawezi kuwakosea."

Mama aliketi. Hakuchagua mahali, aliketi pale alipokuwa amesimama, ndani ya tope, na kanga zake za Idi, na hapo ndipo alipolia. Alilia kwa Kibangubangu, lugha ya kwao Kabambare, ambayo nyumbani aliitumia tu akiumwa au akisali peke yake. Mimi nikalia. Mama Eliza akalia, akimlaani yule karani wa Nyasa na kumwombea baraka kwa pumzi moja. Wale watoto wenye madebe wakaacha kupiga wakaja kututazama, ndege wakashuka kwa mamia juu ya mpunga, na mama mkwe akatokea mbio kutoka upande wa pili akipiga kelele kwamba Kasongo nzima imekuja kulisha ndege kwa shamba lake.

Kaka zangu walirudi mvua za kwanza zilipoanza, mchana, wamekaa juu ya magunia ya chumvi nyuma ya lori. Saidi aliruka chini akicheka. Ramazani alishuka taratibu, akishikilia kwa mkono mmoja. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala ubavuni, mwembamba, na haukuinuka tena maisha yake yote. Mama alimshika ule mkono, akaupapasa kutoka begani mpaka kwenye vidole, kidole kimoja kimoja.

"Barua ilisema muko wazima," alisema.

"Ni mimi nilisema aandike vile," Ramazani akajibu. "Ningesema nini, Mama?"

Mama aliingia jikoni, akapakua wali, sahani nne.

Nilifikiri kwa miaka mingi kwamba hadithi hii ni ya kwangu, mtoto aliyegundua kosa la karani njiani, na nimeisimulia hivyo kwenye harusi na misiba mpaka watu wa nyumbani wamechoka nayo. Kisha siku moja binti yangu alipelekwa kujifungua, na mambo yakawa mabaya, nami nikakaa kwenye benchi ya hospitali mbele ya korido ndefu. Kule mwisho wake mlango ulifunguka. Muuguzi akatoka akiwa na karatasi mkononi, akaanza kuja upande wangu. Alikuja upesi, alikuwa kijana, viatu vyake vinalia sakafuni, na nilijikuta nikimwomba moyoni, polepole, mwanangu, tembea polepole.

Nilipata habari njema siku hiyo, na mjukuu. Lakini baada ya watu kunipongeza na kuondoka niliendelea kukaa pale pale kwenye benchi, nikamwona Mama ndani ya ule ukungu, akinitaka nimweleze habari za mbuzi mmoja na mbuzi wengi, nyingine, na nyingine tena. Herufi haikumhusu. Kwa muda wote tuliokuwa njiani, wanawe wawili walikuwa bado hai, na alikuwa akiirefusha ile njia kwa kila alichoweza. Na mimi nilikuwa nikimvuta mkono.